Sikupima

Wiki ya kufungua shule silali zaidi ya saa nne.
Kibanda changu ni cha pili kutoka choo cha kulipia,
pale Eastleigh inapoteremkia Mathare,
na redio ya Muthangya, fundi viatu,
ilivunjika kitufe cha kuzimia.

Leo wanabishana: karo ya shule za binafsi
itozwe ushuru, kumi na sita kwa mia?
Mmoja, mwenye sauti ya kuoga maji moto,
anasema mwenye nacho atoe, madarasa yajengwe.
Mwingine anasema mzazi halipi karo kwa anasa,
hulipa kwa hofu.
Nakata kitambaa. Nawaamini wote wawili,
kila mmoja mpaka mwenzake afungue kinywa.

Mezani nina kazi mbili.
Upande huu makoti ya buluu ya shule moja ya Lavington,
bitana ya hariri, nembo ya simba na maneno ya Kilatini
niliyoyatarizi mara mia mbili nisijue
kama ni dua au tusi.
Upande ule sweta za kijani za kwa Mwalimu Atemo:
vyumba vinne vya mabati, choo kimoja,
shilingi hamsini kwa siku, unampa mkononi mlangoni,
na usipokuwa nazo anaandika kwenye daftari
ambalo sasa ni nene kuliko kitabu chake cha hisabati.

Kwenye karatasi za serikali
zote mbili zinaitwa binafsi.
Binafsi yenye bwawa la kuogelea.
Binafsi yenye dimbwi.

Ile ya umma iko ng'ambo ya Barabara ya Juja.
Nilimpeleka Syombua darasa la kwanza,
akaketi sakafuni muhula mzima, wa tisini na nne kwenye orodha.
Mwalimu wake, maskini, hakuwa mtu mbaya.
Alimwita "wewe wa sweta iliyochanika."
Mwana wa fundi!
Nikamhamisha. Sikuwa nafuata ufahari,
nilifuata mtu wa kumwita kwa jina.

Jana Bi. Gathigia alikuja mwenyewe kuchukua koti la mwanawe.
Watatupora hawa, alisema,
kisha akaomba nimpunguzie mia mbili.
Nikampunguzia.
Alipofika mlangoni akarudi, akashusha sauti:
lile koti la kaka mtu, la mwaka juzi,
halipinduliki, likamfaa mdogo?
Nikamwambia lilete tulione.
Gari lake lilikuwa limezibia watu njia ya kwenda chooni.

Muthangya husema, misumari mdomoni,
wenye bwawa walipe, wenye dimbwi waachwe.
Vyema. Na wale wa katikati,
wenye tangi la maji na deni la benki?
Nani atashika tepu?
Mimi sijamshonea mtoto kwa kukisia.
Humsimamisha, mikono pembeni, usicheke,
bega, kiuno, urefu, naandika kwa chaki,
halafu naacha vidole vitatu vya pindo
maana mtoto hakai alivyo.
Sijasikia ushuru wenye pindo.

Wala mimi si msafi katika shauri hili.
Makoti mawili ya Lavington
humsomesha Syombua muhula kwa Atemo.
Wakitozwa wakahama, nitamtarizia nani simba?
Wasipotozwa, yule wa tisini na nne wa leo
ataketi wapi?
Nguo ya kuazima haisitiri matako, twaambiwa,
na hapa karibu kila mtu kaazima.

Usiku, redio ikitangaza sabuni,
nilikusanya vipande vya hariri vilivyobaki chini ya meza.
Vingine, niseme kweli, havikuwa vimebaki.
Nikavishona kwenye viwiko vya sweta ya Syombua,
kwa ndani, pasipoonekana.
Asubuhi akakunja mkono, akakunjua, akakunja tena.
"Mama, hapa pana baridi nzuri."
Kilikuwa kiasi gani kwa mia, usiniulize.
Hicho sikupima.